Bamvua Ndani ya Sanduku

Kaka yangu, ambaye makazi yake ni Long Beach katika jimbo la California, hana desturi ya kuniagiza vitu vigumu. Kila apatapo mtu wa kumletea mzigo huomba halua, karafuu kidogo na kahawa. Kabla ya safari yangu ya Oktoba mwaka jana nilimwuliza kama kawaida, nami karatasi na kalamu ninavyo mkononi. Akanijibu: "Safari hii njoo na masikio tu."

Nilidhani ananifanyia mzaha. Kumbe alikuwa na haja.

Kaka ananizidi umri kwa miaka kumi na miwili. Alikuwa baharia, na kwa muda mrefu kazi yake ilikuwa chini kabisa ya meli, katika chumba cha mashine, enzi ambazo mtu aliyeziba masikio kwa pamba alichekwa na wenziwe. Mashine zile zilimpa mshahara na zikamchukulia kitu. Daktari wake alimchorea mstari kwenye karatasi, nami nimeuona: unakwenda sawa katika sauti nene, kisha ukifika kwenye sauti nyembamba unaporomoka kama ukingo wa pwani ulioliwa na maji. Husikia mlango ukifungwa, hasikii ndege. Husikia kwamba mtu anasema, lakini herufi kama s, f na sh humpita. Niliwahi kumsomea kwa simu shairi ambalo katika ubeti mmoja kina kilinigeuka kutoka si kuwa shi, kosa ambalo mhariri yeyote angenirudishia kazi yangu. Yeye alinipongeza kwa vina vilivyosimama imara. Anavyo vifaa vya kusaidia kusikia, viwili, lakini husema vinamletea kelele za sahani na kuuacha muziki nje ya mlango.

Na muziki ndio aliobaki nao. Alijifunza gitaa mwenyewe, mjini Unguja, kwa gitaa la kuazima, kama mimi nilivyojifunza Kiingereza kwa kamusi isiyokuwa na jalada na kwa redio ya jirani. Nyumbani kwetu hakuna aliyefundishwa jambo na mwalimu akalifikisha mwisho. Sasa amestaafu, mikono ingali myepesi, na alikuwa amepata habari za amplifaya kuukuu ya gitaa: Fender Showman ya mwanzo wa miaka ya 1960, pamoja na spika yake ya inchi 15 na sanduku la mwangwi la kampuni hiyohiyo. Mwenyewe, mzee mmoja wa Huntington Beach, alitaka dola 4,500 kwa vyote. Kwa kaka hizo ni akiba za miaka. Na sehemu kubwa ya bei hiyo ni bei ya sauti ambazo yeye hazisikii tena.

"Wewe si mfasiri?" aliniambia. "Si kazi yako kuwaambia watu yale wasiyoyasikia? Basi nifasirie."

Nikamwambia mimi gitaa silijui.

"Gitaa hulijui. Kusema wajua."

Yafaa nimweleze msomaji ni muziki gani uliokuwa ukitakiwa kutoka katika sanduku hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kusini mwa California, vijana walioshinda baharini wakiteleza juu ya mawimbi kwa mbao walijipatia muziki wao wa usiku. Jina lake la Kiingereza ni lile la wimbi linapovunjika pwani na kuumuka povu. Mimi nauita muziki wa mawimbi, na sijaridhika na tafsiri yangu. Aghalabu hauna maneno. Gitaa hupigwa uzi mmoja kwa kasi kubwa, juu na chini, juu na chini, na sauti yake hutiwa mwangwi hadi isikike kama iliyolowa maji. Walikuja baadaye wengine walioutia maneno ya magari na wasichana. Hayo hayajanishinda kuyatafsiri, yamenishinda kuyapenda. Sisi tuliokulia kwenye taarabu hatuna budi kuuona muziki usio na maneno kuwa ni bashraf: hupigwa watu wakikaa vizuri vitini, wakisubiri mwimbaji aingie. Hapa mwimbaji haingii. Bashraf ndiyo karamu yenyewe.

Aliyeutia nguvu muziki huo ni Dick Dale, aliyezaliwa Boston mwaka 1937 kwa jina la Richard Monsour. Babake asili yake ilikuwa Lebanoni. Alikuwa na mjomba aliyepiga udi, na ni mjomba huyo aliyemfunza ngoma ya Kiarabu, ile jamaa ya dumbak tuijuayo sisi. Alikuwa wa mkono wa kushoto, akaligeuza gitaa la mkono wa kulia juu chini bila ya kuzibadilisha nyuzi, na hivyo ndivyo alivyolipiga maisha yake yote. Mwaka 1962 alitoa santuri ya Misirlou. Lahani hiyo si ya California hata kidogo. Ni ya mashariki ya bahari ya Mediterania, Wagiriki na Waturuki na Waarabu wote huidai. Wagiriki waliohamia Marekani waliirekodi New York tangu mwaka 1927, na jina lake ni mwanamke wa Misri. Mwenye sikio la taarabu akiisikia mara ya kwanza hugeuza shingo. Iko hatua ndefu kati ya sauti ya pili na ya tatu, ile hatua ya maqamu ya Hijaz, ambayo ni kama mtu anayeruka dimbwi akiwa amevaa kanzu. Tumeisikia katika udi na kanuni tangu kabla hatujajua kuwa ina jina. Klabu yetu ya Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905, iliyatazama ya Cairo. Mjomba wa kijana yule wa Boston naye alikuja Marekani na ya kwao. Kwa hiyo kaka, alipoisikia Misirlou ikifungua filamu ya Pulp Fiction mwaka 1994, alitoka sinemani kabla filamu haijafika katikati akaenda kutafuta santuri. Hadi leo hajui filamu ile iliishaje.

Tulikwenda Huntington Beach asubuhi ya Jumamosi, kwa ile barabara ya pwani ipitayo Seal Beach. Zilikuwa zikivuma pepo kavu zitokazo jangwani kuelekea baharini, ambazo huko huja zaidi majira hayo. Kaka aliniambia wateleza mawimbi huzipenda, kwa kuwa upepo wa bara huyasimamisha mawimbi yakawa wima na laini. Nilimwuliza kama ni kaskazi yao au kusi yao. Akafikiri kidogo. "Si yoyote," akasema. "Huu hauleti jahazi." Kisha akanishika goti. "Usinipendezeshe leo. Kikiwa kibovu, sema kibovu."

Nikamwahidi.

Mzee mwenye mali alitupokea katika gereji ya nyumba yake, iliyokuwa na kila kitu isipokuwa gari. Alituambia kwamba akiwa na miaka kumi na sita alikuwa akienda Rendezvous Ballroom, ukumbi wa dansi uliokuwa pwani ya Balboa, ambako Dick Dale alianza kuwakusanya vijana kwa maelfu mwaka 1961. Ukumbi huo uliteketea kwa moto mwaka 1966. Mzee aliutaja kama sisi tunavyomtaja jamaa aliyefariki, kwa kuteremsha sauti mwishoni mwa sentensi. Na kaka, aliyekuwa hazisikii sentensi zikiteremka, alikuwa akinitazama mimi nimpe mwisho wake.

Amplifaya ilikaa juu ya sanduku la spika. Ngozi yake ya bandia ilikuwa ya rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, imechubuka pembeni. Kitambaa cha mbele kilikuwa chekundu cha kuiva, chekundu cha damu iliyokauka. Kaka aliipapasa kwanza plagi ya umeme, si ngozi. Zamani zile amplifaya hizi zilitoka kiwandani na plagi ya miguu miwili, zisizo na waya wa ardhi, na mpigaji aliyeshika nyuzi huku mdomo umegusa kipaza sauti aliweza kupigwa na umeme hadi akaanguka. Hii ilikuwa imekwisha kubadilishwa, miguu mitatu. Kaka akatikisa kichwa kwa kuridhika. Baharia wa mashine hubaki baharia wa mashine.

Ina swichi mbili. Ya kwanza hupasha moto, ya pili hutoa sauti, na kati yake sharti mtu asubiri. Nyuma, mahali palipo wazi, niliziona valvu zikianza kuwaka: gilasi ndefu zilizotolewa hewa, na ndani yake rangi ya chungwa ikipanda polepole kama kaa linalopulizwa. Mafundi wetu wa redio wa zamani walikuwa na valvu hizi madirishani mwao, zimefungwa katika vijisanduku vya karatasi, kabla transista hazijazifukuza. Kinachofanyika ndani ni hivi. Joto hufukuza chembe za umeme kutoka katika kipande cha madini, nazo huruka kwenda upande wa pili. Njiani kuna wavu, na ile ishara dhaifu itokayo kwenye gitaa huufunga na kuufungua wavu huo, kama kilango kidogo kinavyotawala maji mengi ya mfereji. Ishara ni ndogo, maji ni mengi. Mwisho wake ni wati 85 au karibu na hapo, ambazo kwa wakati ule zilikuwa nyingi kupita kiasi kwa gitaa moja.

Wingi huo ulikuwa na sababu, na sababu yake ni kisa nikipendacho kuliko vyote katika habari hii. Leo Fender, mwenye kampuni, hakujua kupiga gitaa. Alikuwa fundi redio wa Fullerton aliyejifunza umeme mwenyewe, ilhali alichosomea ni uhasibu. Alitengeneza magitaa yanayopigwa ulimwenguni kote, na yeye hakuweza kupiga hata wimbo mmoja. Ilimbidi asikilize kwa mikono ya wengine, hasa ya Freddie Tavares, mzaliwa wa Hawaii, aliyekuwa msaidizi wake. Dick Dale alikuwa akirudisha amplifaya na spika zilizoungua, moja baada ya nyingine. Yeye mwenyewe alizihesabu kukaribia hamsini, na mimi husadiki nusu ya hesabu za wanamuziki. Kila mara Leo humwuliza kwa nini apige kwa nguvu kiasi kile, na kila mara jibu halieleweki. Hadi, kama Dale alivyokuwa akisimulia, Leo na Freddie walipokwenda Rendezvous wenyewe, wakasimama katikati ya umati, wakaona jinsi miili ya watu wale inavyoimeza sauti. Hapo ndipo maneno ya Dale yalipopata maana. Wakarudi wakatengeneza transfoma kubwa zaidi, wakatafuta spika ya JBL ya inchi 15 isiyopasuka, na ikapatikana Showman.

Mzee alinipa penseli akaniambia niziguse valvu ndogo moja moja, taratibu, kwa upande wa ufutio. Valvu mbovu ikiguswa hulia katika spika. Tatu zilinyamaza. Ya nne ikalia kama gilasi ya chai iliyopigwa na kijiko. Nikasema, na kaka akaandika katika kijitabu chake. Mzee alisema hiyo ni ya kubadilisha kwa dola chache. Nilifurahi mno, nilijiona nimekwisha kuwa fundi.

Kisha kaka akachomeka gitaa moja kwa moja kwenye amplifaya, bila ya sanduku la mwangwi, akapiga uzi wa chini, ule mnene, akiugandamiza kwa ubavu wa kiganja.

Nilitazamia kelele. Haikuwa kelele. Ilikuwa sauti kubwa iliyo safi, jambo ambalo ni tofauti kabisa. Kifundo cha sauti kilikuwa kwenye nne tu, na mlango wa bati wa gereji ulikuwa ukitetemeka, lakini kila pigo lilikuwa na kingo zake, kama mizani ya shairi inayohesabika kwa vidole. Wako waimbaji ambao wakipaza sauti maneno hupotea, na wako wachache ambao wakipaza ndipo tunaposikia hata pumzi. Nilimwambia kaka hivyohivyo. Naye akajibu hiyo anaijua, hiyo inamfika kifuani. Kinachotakiwa kwangu ni cha juu.

Cha juu kilikuwa katika lile sanduku dogo la mwangwi. Fender ililitoa mwaka 1961. Let's Go Trippin' ya Dale, ya mwaka huohuo, haina mwangwi huo, na mwenyewe alisimulia kwamba aliutaka kwanza kwa ajili ya sauti yake ya kuimba, aliyoiona kavu. Ndani yake mna springi ndefu nyembamba zilizotundikwa katika bati, mbinu iliyotoka kwenye vinanda vya Hammond, vilivyotaka kusikika kama viko kanisani hata vikiwa sebuleni. Sauti huingizwa upande mmoja wa springi, husafiri hadi mwisho, hurudi, husafiri tena, ikipungua kila safari. Nje mna vifundo vitatu. Cha kwanza huamua springi zipigwe kwa nguvu gani, cha pili kiasi cha mwangwi utakaochanganywa na sauti yenyewe, cha tatu wembamba wa sauti. Wapigaji wa muziki wa mawimbi wana neno lao kwa sauti hiyo ikipatikana sawasawa: husema inadondoka.

Kaka alipiga nyuzi tatu fupi, akazima kwa kiganja, akanitazama.

Haikudondoka. Nilisikia pigo la gitaa, na nyuma yake, mbali, bati likigongwa kwenye nyumba ya tatu. Kulikuwa na mwangwi, lakini ulikuwa mkavu na mwembamba, kama mtu anayeiga mvua kwa kutikisa mchele katika ungo. Nami nilimtazama kaka. Uso wake wote ulikuwa umefunguka. Alikuwa ameisikia nusu yake, ile nusu nene, na nusu ya pili alikuwa akiisikia kwa kumbukumbu, kutoka usiku mmoja alipomwona Dick Dale mwenyewe katika klabu ndogo, mzee tayari na mgonjwa, mtu aliyesema hadharani kwamba lazima aendelee kupanda jukwaani ili alipe gharama za matibabu. Alifariki mwaka 2019. Kaka alikuwa akimsikia yeye, si sanduku lile.

"Inalowa," nikasema.

Nakiri hapa jambo ambalo katika kazi yangu nimelitenda zaidi ya mara moja. Mfasiri hukutana na mstari mchovu wa mshairi mkubwa, na mkono humwasha. Huutia chumvi kidogo. Msomaji hafahamu, mshairi amekwisha kufa, nani ataumia? Nimepata sifa kwa mistari ambayo mwenyewe hakuiandika hivyo. Lakini mstari hauna dola 4,500 mfukoni, wala haukunishika goti garini.

Kaka alipiga tena, akafumba macho. Nikashindwa.

"Kaka, nimekudanganya. Ni kavu. Hailowi. Kama bati la mbali."

Alifumbua macho, akaweka kiganja juu ya nyuzi. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Mzee, aliyekuwa haelewi tulisemalo, alituangalia mmoja baada ya mwingine kama mtu aliyekuta ugomvi wa mirathi. Nikamweleza kwa Kiingereza. Akakunja uso. Akapiga magoti nyuma ya sanduku, akaingiza mkono, akazishika zile plagi mbili ndogo ziingiazo kwenye bati la springi, akazizungusha katika soketi zake, mara moja, mara mbili. Kutu tu. Sanduku lilikuwa halijawashwa kwa muda mrefu, na shaba ilikuwa imeota uchafu. Katika kuzungusha, kiwiko chake kiligonga kando ya sanduku, na springi zikagongana zenyewe ndani.

Nikaruka. Ulikuwa mshindo wa wimbi zima likianguka ndani ya gereji.

"Umesikia nini?" kaka akauliza. Alikuwa ameona miguu yangu.

"Ngoja. Piga."

Akapiga zile nyuzi tatu. Sasa ikawa kila pigo linapoanza kuna tone, tone halisi la maji, likianguka katika kisima chenye kuta za mawe. Na kabla halijatulia, pigo la pili nalo linadondosha lake. Sikujua namna ya kumwambia. Neno la wapigaji, kudondoka, halikutosha. Linaeleza tone, halielezi maji yanayolipokea. Mkono wangu ukawa kwenye kifundo cha kwanza, nikakirudisha hadi kwenye mbili.

"Hapa," nikasema, "maji mafu."

Akacheka. Msomaji wa bara anisamehe: maji mafu ni yale majuma ambayo bahari haijai sana wala haipwi sana, mvuvi hukaa akashona nyavu. Nikakipeleka hadi tano.

"Hapa yanajaa. Yamefika kwenye mizizi ya mikoko."

"Endelea."

Nikakipeleka hadi nane. Tone likapotea ndani ya maji yenyewe, sauti ikaumuka, ikawa inajibwaga juu ya pigo lililotangulia kabla halijaondoka.

"Bamvua, kaka. Bamvua ya kusi. Yameingia mpaka uani."

"Basi rudisha," akasema upesi, kana kwamba vyombo vyake vilikuwa uani huko. "Weka kwenye yanayojaa."

Kisha akaniuliza lile alilokuwa amelikusudia tangu simu ya kwanza. Sisi ni watoto wa Jambiani, upande wa mashariki wa kisiwa. Huko mawimbi hayavunjiki ufukweni. Huvunjika mwambani, mbali, na maji ya ndani hubaki yametulia kama ya bakuli. Mchana husikii kitu. Usiku, taa zikizimwa na watu wakilala, mwamba huanza kunguruma, mngurumo usiokatika, na juu ya mngurumo huo kuna kitu chembamba, mchirizo wa povu, ambacho ndicho humfanya mtoto ajue kuwa ni bahari na si lori. Kaka aliniuliza: "Ule mwembamba wa mwambani, umo?"

Nilimtaka apige Misirlou, polepole kwanza. Akaipiga. Ile hatua ya Hijaz ikapita, ikaruka dimbwi lake, na nyuma yake mchirizo ukaifuata, ukakawia, ukaisha. Nilimwambia umo. Safari hii ulikuwamo.

Akaendelea kupiga, sasa kwa kasi, mkono ukiwa hauonekani. Mzee alikuwa ameegemea mlango wa bati, ameukunja mguu mmoja kama kijana aliyengoja kuitwa kucheza. Ningeweza kuliacha jambo lile pale. Lakini kulikuwa na jingine, nalo nilikuwa nalo tangu pigo la kwanza kabisa.

"Kaka. Uzi wa pili, mwembamba. Umeshuka."

Akasimama. "Tangu lini?"

"Tangu tulipoanza."

Kile kifaa chake cha kupimia nyuzi, chenye taa, alikuwa amekisahau nyumbani kwa haraka ya asubuhi. Alikuwa amepiga mbele ya mgeni, nusu saa nzima, na uzi ulioshuka, na mdogo wake akanyamaza kwa adabu. Sijui adabu hiyo tulifunzwa na nani. Hakusema neno. Aliushika ufunguo wa uzi ule, akauchapa kwa kidole, akanielekea kama mtu anayemwelekea kinyozi.

"Paza," nikasema. "Paza. Kidogo. Umepita, shusha. Hapo."

Akauchapa mara moja zaidi, peke yake, akaweka sikio karibu na mbao za gitaa.

Tulilipa dola 4,200. Mzee alipunguza 300, akasema ni kwa ajili ya ile valvu iliyolia na zile plagi zenye kutu. Bei ya valvu alikuwa amekwisha kutuambia mwenyewe, na si 300. Sanduku la spika tulilibeba watu watatu, wote tukiwa na viuno vibovu, na kaka akakataa nisifunge kamba ya gari. Fundo la baharia hafungi mshairi.

Nimesharudi nyumbani. Kaka huipiga asubuhi, majirani zake wakiwa kazini, nayo kwetu huwa ni usiku. Hunipigia simu, huiweka simu mbele ya spika, hupiga, kisha huinua na kuuliza: "Wasikia nini?" Juma lililopita nililazimika kumwambia kwamba sasa ni mimi nisiyesikia. Simu ya huku inaleta ule unene na kuuacha wembamba njiani, tone halifiki kabisa, nabaki na mshindo na kukisia. Akanyamaza kidogo.

"Basi subiri nikueleze mimi," akasema. "Leo nimeweka kwenye sita. Maji yamekwisha kupita mikoko, lakini uani hayajafika."

Nikamwuliza amejuaje. Akasema ameweka kiganja juu ya sanduku.